Aliyesema hawezi ndiye aliyetukanwa

Kuna dada mmoja nataka kumtetea hapa, ingawa simjui hata kwa sura. Tulikuwa naye kwenye kundi la harusi nililoingizwa juzijuzi.

Mnayajua haya makundi. Unaamka unakuta umeshaongezwa, picha ya kundi ni wachumba wameshikana mikono kando ya bahari, na ujumbe wa kwanza unaanza na "Habari za muda huu ndugu, jamaa na marafiki". Bwana harusi hujamsikia tangu mlipoachana shule, lakini yeye amekukumbuka, Mungu ambariki. Chini kuna orodha: jina, ahadi, taslimu. Unanakili, unajaza, unarudisha. Watu walikuwa wanajaza kwelikweli. Elfu hamsini, laki moja, laki mbili kutoka kwa jamaa ambaye kila mtu mule ndani anajua hana, na kila anayejaza anamwagiwa viganja vya shukrani.

Ndipo yule dada akaandika. Kwa kifupi alisema: hongereni sana, mimi safari hii sitaweza kuchangia, nina ada za watoto na mzazi ninayemuuguza nyumbani, lakini siku hiyo nipo, nipangieni kazi yoyote, jikoni au kupokea wageni.

Kundi likanyamaza kidogo, halafu yakaanza. Mmoja akasema si angenyamaza tu. Mwingine akamkumbusha kwamba kila mtu ana matatizo yake. Wa tatu, mjumbe wa kamati huyo, akatuma stika ya pochi iliyofungwa kufuli. Kufika jioni dada alikuwa ameshaondoka, na kuna mtu akaandika "afadhali".

Nimekasirika mpaka nimeamua kuandika. Katika kundi zima lile, kwa maoni yangu, ni yeye peke yake aliyeonyesha anajua kuishi na watu.

Niliwahi kuwa mweka hazina wa harusi ya binamu yangu, kwa hiyo msinieleze habari za ahadi. Ahadi zikijumlishwa ndiyo bajeti hiyo. Kwa namba hiyo mwenyekiti anakwenda kulipa malipo ya awali ya ukumbi, mpishi anaambiwa apige hesabu ya sahani 300, wa mapambo anachukua chake, mshereheshaji chake, mpiga picha chake. Yaani mnanunua vitu vya kweli kwa pesa ambayo bado ni maandishi kwenye simu. Sherehe inakaribia, taslimu haijafika hata nusu ya ahadi, na mweka hazina anaanza kupiga simu. Hapo ndipo utakapowajua binadamu. "Nitakucheki jioni." "Mshahara ukitoka tu, wewe ndiye wa kwanza." "Niko kwenye kikao", saa nne usiku, na nyuma unasikia muziki. Wengine wanasoma ujumbe, tiki mbili zinageuka buluu, basi.

Pengo nani analiziba? Bwana harusi. Anakopa kwenye kikoba cha dada yake. Hakitoshi, anakwenda kwa wale wa kausha damu, au anashika simu na kuingia kwenye programu za mikopo, zile ambazo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia 69 kwa kuendesha shughuli bila leseni, na ambazo ukichelewa kulipa zinawatumia ujumbe watu wote kwenye simu yako, mpaka mchungaji wako. Kukopa harusi, kulipa matanga. Wahenga walishamaliza kazi yao, sisi ndio tunajifanya hatukusikia.

Sasa angalieni kitu hiki. Katika harusi ile ya binamu hakuna hata mtu mmoja aliyetuambia hapana. Wote walisema ndiyo, tena ndiyo za furaha, na ndiyo hizo ndizo zilizotutia kwenye deni. Wangetuambia mapema kwamba hali ni ngumu, tungepika sahani 150, tungefunga turubai uani kwa shangazi, na harusi ingefungwa vilevile mbele ya Mungu yuleyule. Baya zaidi, wengi wao hatuna nao tena. Hatukugombana. Wanatukimbia. Kuna mmoja nikikutana naye sokoni anainamia nyanya kana kwamba anatafuta ya dhahabu. Aliandika ile ahadi asituudhi, asionekane amejitenga na ukoo, na ahadi hiyohiyo ndiyo iliyomtenga. Mimi sikumdai urafiki wa laki moja. Angeniambia tu.

Tulijifunzia wapi uongo huu wa heshima? Nyumbani, tena kwa watu waliotupenda. Umekwenda na mama kwa jirani, chakula kinaandaliwa, wali wa nazi na samaki wa kupaka, harufu inakutoa machozi. Mwenye nyumba anasema, "Karibu mwanangu." Kabla hujajibu unamtazama mama. Mama hasemi kitu, anakukazia jicho tu. "Nimeshiba," unasema. Una miaka sita na tumboni kuna uji wa asubuhi. Mkirudi nyumbani unasifiwa una adabu. Kesho yake mtoto wa jirani anataka kigari chako cha makopo, ukisema bado unacheza nacho unaitwa mchoyo, kinachukuliwa mikononi mwako, anapewa.

Mama zetu walikuwa na sababu zao, nakubali. Walijua kwa jirani nako sahani zilihesabiwa. Lakini mtoto anakua akiamini kwamba haja yake ni aibu ya kuficha na haja ya mwenzake ni amri, na hakuna anayemwita baadaye, akishaanza kupata mshahara, kumfundisha sehemu iliyobaki ya somo. Ndiyo maana mtu mzima, na shahada yake na ndevu zake, hawezi kuandika "sitaweza" kwenye simu. Mkono unatetemeka. Anaandika "nitaangalia".

Na cha kuchekesha, hapana tunaijua sana tukitaka. Serikali ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu Julai 2021, nchi nzima ilipiga kelele, haikupita miezi miwili ikapunguzwa kwa asilimia 30. Tuliweza kuiambia Wizara ya Fedha kwamba mzigo umezidi. Kamati ya harusi ya mtu tuliyesoma naye kidato cha pili, hiyo tunaiogopa.

Shangazi yangu wa Tanga, fundi cherehani, sijui nani alimfundisha sehemu hiyo ya somo, lakini aliijua. Alikuwa na daftari. Alipomwoza binti yake aliandika kila alichopokea: fulani mchele kilo kadhaa, fulani doti ya kanga, fulani alikesha akipika. Zamu ya fulani ilipofika, alifungua daftari na kurudisha. Na mwezi ambao mkono ulikuwa mfupi hakungoja kuombwa. Alivaa buibui lake, akaenda mwenyewe, akakaa mkekani na kusema: "Wifi, safari hii pesa sina. Alfajiri nitakuja kukaanga maandazi, na nguo za watoto wa maua nashona bure, nyie mlete kitambaa." Basi. Hakueleza madeni yake, hakumsingizia mtu ugonjwa, hakulia. Alikunywa chai, wakazungumza umbea wa mtaa, akarudi kwenye cherehani yake.

Mtaa mzima walimwamini, maana akisema "nitaleta", unaweza kwenda dukani ukakopa kwa neno lake. Ndiyo yake ilikuwa na uzito kwa sababu walishawahi kuisikia hapana yake. Nikilinganisha, kosa la yule dada wa kundini, kama mnalazimisha awe na kosa, ni kuandika mbele ya halaiki kitu ambacho angempigia mwenyekiti wa kamati. Lakini angempigiaje? Aliombwa mbele ya halaiki, akajibu palepale alipoombwa.

Msiniletee utamaduni hapa. Kila mtu akibanwa anasema "sisi Waafrika ni watu wa kusaidiana", kana kwamba babu zetu walikuwa ghala lisilo na mlango. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipokuwa akieleza ujamaa, kuonyesha kwamba hata kwenye jamii ya kugawana kila mmoja alitarajiwa kushika kazi. Waliosaidiana walikuwa wanaonana. Mwenyekiti wa kijiji alijua nani mavuno yameliwa na nguruwe, kwa hiyo huyo hakuguswa. Kundi la WhatsApp, ambalo tangu 2022 linaweza kubeba watu 1,024, litajuaje nani ana mgonjwa ndani? Halafu zamani umbali ulitusaidia. Pesa ilikwenda kwa mkono wa kondakta wa basi au kwa posta, na mtu akikuambia hana namna ya kutuma, uliamini. Tangu M-Pesa ifike Tanzania mwaka 2008, kisingizio hicho kimekufa. Namba ipo, jina litakuja la fulani, bonyeza. Ukoo wote umo mfukoni, na sisi bado tunatumia adabu ya enzi za kondakta.

Misiba naiweka kando. Msiba haupigi hodi wala hauna bajeti, hapo mtu anatoa alichonacho, na asiye nacho anakwenda kukaa. Sina cha kubishana.

Na kabla hamjanipigia makofi, nyie wa "linda amani yako": siko upande wenu. Mmejaa kila mahali siku hizi. Mtu amesikiliza video mbili za mshauri wa mahusiano, kesho yake hapokei simu ya kaka yake kwa sababu "ana nishati mbaya". Harusi ya rafiki haendi, hospitali haendi, mgonjwa akipona anamtumia ujumbe wa kumpongeza. Eti ameweka mipaka. Hiyo ni hapana bila maandazi ya alfajiri, na mtaa hauishi hivyo. Siku yake ikifika, na itafika, atashangaa mbona turubai lina watu wanne. Shangazi alikataa pesa na palepale akatoa mgongo wake na usingizi wake. Huyu anakataa na kujipongeza.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba wapo waliofika huko kwa kuchoshwa. Mtu aliyesema ndiyo kwa kila mtu miaka kumi, akalipia ada wapwa, akanunua bati za nyumba asiyoishi, akaahirisha matibabu yake ya jino mpaka likang'olewa, siku akikatika anakatika kweli, anafunga simu. Simlaumu sana. Angeanza na hapana ndogondogo za mapema, asingefika pa kuhitaji kubwa namna hiyo.

Lakini yote hayo ni nusu ya jambo. Nusu nyingine, na ndiyo iliyoniudhi hasa, ni kwamba hatujui kuipokea hapana. Tunamwambia mtu "usijali, ukishindwa sema tu", akisema, tunamtafuna. Wale waliomshambulia yule dada wamewafundisha wenzao wote kundini kitu kimoja: jaza chochote, utalipa au hutalipa, ilimradi usiseme ukweli. Na mimi najua, kwa uzoefu wa uweka hazina, kwamba yule wa laki mbili hatatoa hata elfu kumi. Viganja vya shukrani alishavipata, anataka nini tena?

Mtu akikuambia hana, jibu lake ni fupi: "Asante kwa kuniambia mapema, tutakupangia mapokezi." Usiulize anakunywa bia ya nani. Usimhesabie gari. Na ukikutana naye wiki ijayo, msalimie kama ulivyokuwa unamsalimia, maana hapo ndipo atajua kama ulimwelewa au ulimvumilia.

Kwa hiyo ombi kwa kamati zote zinazojipanga kwa ajili ya Desemba: kwenye orodha yenu ongezeni safu ya nne, baada ya jina, ahadi na taslimu. Iandikwe "nguvu". Mwenye gari aandike gari, mwenye sauti aandike kwaya, anayejua kupamba apambe, na asiye na chochote mwaka huu aandike kwamba atakuja. Na toeni namba ya mtu mmoja mwenye busara, ambaye mtu anaweza kumpigia faragha akamwambia hali yake, asilazimike kuvuliwa nguo mbele ya watu ambao nusu yao hawajui hata jina la bibi harusi. Asiyetaka kuingizwa kwenye makundi hovyo, mpangilio wa kuzuia upo kwenye simu tangu 2019, utumieni, lakini msijifiche nyuma yake kama ni harusi ya mdogo wenu.

Mimi nimempigia mwenyekiti wa kundi letu, nimemwambia kiasi ninachoweza, ambacho ni kidogo kuliko alichokitegemea. Alinyamaza kidogo. Akasema sawa. Tutaona Desemba kama ilikuwa sawa kweli.

Kuhusu mama mzazi msiniulize, hapo sina ushauri wowote. Akipiga natuma kwanza, halafu ndiyo nauliza ni ya nini.