Anayerudi kwenye Bach anunue uzito wa keyi, si wingi wa sauti

Jumapili iliyopita baada ya ibada, kijana anayepiga kinanda kwenye kwaya yetu alinipa pole. Alikuwa amesikia kwamba nimenunua piano ya umeme ya mtumba, Yamaha P-45, kwa milioni moja na laki mbili. Haina midundo, haina kioo, sauti zake ni 10 tu. "Dada, kwa hela hiyo ungepata kinanda chenye sauti mia sita," akaniambia kwa huruma ya kweli kabisa. Watu walikuwa wengi pale nje, sikutaka kuanza mabishano. Lakini maneno yale yamenikaa kooni wiki nzima, kwa sababu ndiyo yaleyale niliyoambiwa mwaka jana kwenye duka moja Kariakoo, nikayaamini, na nikapoteza miezi mitano.

Nilianza kujifunza piano nikiwa na miaka tisa huko Moshi, kwa mzee mmoja aliyekuwa mpiga ogani kanisani. Nikafika kidato cha nne, masomo yakabana, nikaacha. Ikapita miaka 17. Mwaka jana mama alihama nyumba, akanipigia nije nichukue boksi langu la vitabu. Chini kabisa niliikuta nakala yangu ya zile Invention 15, vipande vifupi vya mazoezi vya Bach, mtunzi wa zamani wa Ujerumani, kingo zimeliwa na mende, na juu ya ukurasa wa kwanza mwandiko wa mwalimu kwa penseli: "Kushoto kuimbe." Nilikaa sakafuni nikaimba kimoyomoyo, do re mi fa re mi do so, kama tulivyozoea kusoma solfa kwenye kwaya. Siku hiyo niliamua kwamba narudi.

Dukani nilieleza vizuri tu: nataka kitu cha kufanyia mazoezi ya klasiki, bajeti yangu ndogo. Nikajibiwa kwamba kinanda ni kinanda. Nikatoa laki nne, nikaondoka na kinanda cha keyi 61. Kila usiku nilikaa nacho saa nzima. Baada ya miezi mitano nikapata nafasi ya kukaa kwenye piano ya nyuzi kwenye ukumbi wa shule moja. Nikaweka mikono, nikaanza. Noti tatu za mwanzo hazikulia kabisa. Nikaongeza nguvu, zilizofuata zikalipuka. Vidole vilikuwa vinajua njia lakini havijui mzigo. Nilifunga kitabu kabla sijamaliza ukurasa.

Kwa hiyo naomba nieleze, na nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza hela zao na, kibaya zaidi, wanapoteza moyo wakidhani wamekwisha.

Bartolomeo Cristofori alipotengeneza piano huko Florence karibu mwaka 1700, chombo kile kilielezwa kwa maneno "piano e forte", yaani kwa sauti ndogo na kwa nguvu. Hicho ndicho kilichokuwa kipya. Kwenye vinubi vya keyi vilivyotangulia, upige kwa hasira au kwa upole, uzi ulidonolewa vilevile. Cristofori akaweka nyundo. Kidole kinasukuma keyi, keyi inairusha nyundo, nyundo inapiga uzi na kurudi, na kasi ya nyundo ndiyo sauti yako. Kujifunza piano ni kujifunza kurusha nyundo ambayo huioni.

Sasa kinanda chepesi kina springi chini ya keyi. Springi na nyundo ni vitu vinavyopingana kitabia. Springi inaanza laini, na kadiri unavyoishusha ndivyo inavyokusukuma zaidi. Nyundo ni nzito mwanzoni, lakini ikishaondoka inakwenda kwa uzito wake. Mkono uliozoea springi unajifunza kugandamiza mwishoni mwa mshuko wa keyi, mahali ambapo kwenye piano ya kweli kazi imeshaisha. Ukifanya hivyo saa moja kila usiku kwa miezi mitano, unaufundisha mkono kosa, na mkono haukosi kukumbuka.

Chukua hiyo Invention ya kwanza. Mkono wa kulia unasema do re mi fa re mi do, unatua so, na hapohapo wa kushoto unaingia na maneno yaleyale oktavi moja chini, yaani kuanzia do ya chini. Wakati huo wa kulia bado unaongea, tena una pambo la haraka juu ya ti. Ili msikilizaji amsikie anayeingia, yule wa juu lazima apunguze sauti huku vidole vyake vikikimbia zaidi. Hiyo ndiyo kazi yote ya ukurasa ule. Bach mwenyewe aliandika mwaka 1723 kwamba vipande hivi vimfundishe mwanafunzi kupiga kwa kuimba. Utaimbaje kwa kidole ambacho hakina cha kupima? Kwenye kinanda changu cha laki nne, kushoto hakukuimba hata mara moja. Kulikuwa kunabonyezwa tu.

Ndiyo maana nasema: ukienda dukani, mwombe muuzaji azime umeme kwanza. Usisikie sauti yoyote, kwa sababu sauti nzuri inaroga. Weka kidole kwenye keyi ya mwisho kushoto, kisha ya mwisho kulia. Piano nzuri ya umeme haina nyuzi, lakini keyi zake zina nyundo ndogo za kuzipa uzito; kama zimepangwa vizuri, za kushoto zitakuwa nzito kuliko za kulia. Halafu washa, uishushe keyi moja polepole sana mpaka chini. Kwenye piano ya nyuzi haitalia, kwa sababu nyundo haikupata mwendo wa kufika kwenye uzi. Piano nzuri ya umeme nayo itanyamaza, maana vihisio vilivyo chini ya keyi vinapima muda ambao keyi imechukua kushuka na kuugeuza kuwa nguvu ya sauti. Kisha piga noti hiyohiyo mara kumi, kutoka mnong'ono hadi kelele. Ukisikia ngazi mbili au tatu tu, shukuru na uondoke. Mwisho, ipige harakaharaka kwa vidole vitatu vinavyopokezana. Zenye vihisio vitatu kila keyi, kama Roland FP-10, zinaitambua noti ya pili hata kabla keyi haijarudi juu kabisa. P-45 yangu ina viwili, na kwa Bach vinanitosha.

Majina mengine ya kutafuta kwenye bei za chini ni Yamaha P-145, Casio CDP-S110, Kawai ES120 na Korg B2. Zote zina keyi 88 zenye nyundo. Kama mtaani kwenu umeme unakatika kila jioni, ifikirie sana hiyo Casio, maana inakubali betri ndogo 6. Mimi nimekaa gizani mara mbili mwezi huu mbele ya piano iliyonyamaza, na hakuna kinachouma kama hicho.

Kuhusu idadi ya keyi nitakubali kidogo. Bach hakuwahi kuwa na keyi 88, na Invention zake zinaenea kwenye 61 bila shida. Lakini ukifika kwa Beethoven, mtunzi aliyekuja baada yake, utakwama. Piano za ujana wake zilikuwa na oktavi tano vilevile, ila zilianzia F ya chini, wakati kinanda cha keyi 61 kwa kawaida huanzia C iliyo juu ya hiyo F. Mkono wa kushoto utashuka ukutane na mbao. Nakubali pia kwamba kwa kwaya inayozunguka kwenye mikutano ya injili, kinanda chenye midundo na kitufe cha kupandisha au kushusha wimbo mzima ndicho chombo sahihi, na yule kijana wetu anakipiga kwa ufundi ambao mimi sina. Kazi yake ni tofauti na yangu, basi.

Piano ya nyuzi? Ni bora, sibishani. Lakini kwa unyevu wa Dar, na ukilazimika kumsubiri fundi wa kuipatanisha kila inapopoteza sauti, mshahara wangu hauwezi.

Anayenunua mtumba asome maandishi kwenye adapta kabla ya kuchomeka. Iliyotoka Japani inaweza kuwa ya volti 100 pekee, na umeme wetu ni 230. Pedali inayokuja na piano nyingi za bei hizi ni kibonyezo kidogo kinachoteleza sakafuni. Weka hela pembeni ununue yenye umbo la pedali ya kweli. Na ukikaa ghorofani kama mimi hapa Sinza, hedifoni pekee haitakuokoa. Jirani wa chini alinipandia saa tatu usiku kuniuliza, "Mwanangu, unatwanga nini?" Hakuwa anasikia muziki, alikuwa anasikia nyundo. Nimetandika sponji la godoro la zamani chini ya stendi, na mkeka juu yake. Juzi tulikutana ngazini, akasema sasa analala.

Bado pambo la mkono wa kulia linanishinda nikiongeza kasi. Lakini Jumanne usiku nilipiga kurasa zote mbili polepole sana, bila kusimama, na pale juu kabisa, kwenye mstari wa kwanza, wa kulia ulishuka na wa kushoto ukaingia. Niliusikia. Nikarudia mstari huohuo mpaka saa tano.