Msiisukume Kwanza

Ndege ikitoka nje ya njia ya kurukia kwenye kiwanja cha porini, abiria wote wakashuka wazima, kitu cha kwanza tunachofanya ni kumshukuru Mungu. Cha pili, tunaisukuma irudi njiani. Hicho cha kwanza sina neno nacho. Hicho cha pili ndicho kilichonifanya nikae leo niandike.

Nami nimewahi kusukuma. Nilikuwa dereva wa watalii, nimeegesha gari pembeni ya kiwanja cha hifadhi moja nikisubiri wageni wanne. Ilikuwa masika, mvua ya usiku imeacha madimbwi. Cessna Caravan ikaja, ikagusa chini mbele zaidi ya pale nilipozoea kuziona zikigusa, ikatupita bado ina mwendo, ikaanza kupinda kushoto taratibu, ikaingia majanini na kusimama gurudumu la mbele limezama kwenye udongo mweusi. Hata kishindo hakikuwepo. Wageni wakashuka mmoja mmoja, mama mmoja analia huku anacheka. "Poleni, poleni jamani," tukawapa maji. Halafu, kwa kuwa ndege nyingine ilitarajiwa, tukafunga kamba kwenye Land Cruiser, wanaume kama kumi tukajipanga nyuma, tukaisukuma mpaka ikarudi kwenye moramu. Tulipeana mikono kwa furaha. Kumbe tulikuwa tumemaliza kufuta karibu kila kitu ambacho kingeeleza kwa nini ndege ile iliacha njia.

Watu wengi wakisikia uchunguzi wa ajali ya ndege wanafikiria kisanduku cheusi, kile chombo kinachorekodi safari ya ndege. Lakini Caravan ikiwa imejaa kabisa haifiki hata tani nne, na ndege ndogo za uzito huo kwa kawaida hazilazimiki kubeba kisanduku hicho. Kwa ndege hizi kumbukumbu iko ardhini. Tairi linalozunguka kwa uhuru huacha alama tofauti na tairi lililofungwa breki. Tairi linaloburutwa kiubavu huacha mistari myembamba iliyolala mshazari, na mshazari ule unamwambia mtaalamu pua ya ndege ilikuwa imeelekea wapi huku mwili wake ukienda kwingine. Kina cha mfereji wa tairi upande wa kulia kikizidi cha kushoto, hilo nalo ni neno. Hata pangaboi la ndege likigusa ardhi linaandika. Pangaboi lenye mapanga matatu likizunguka mara 1,900 kwa dakika linakata udongo mara 95 kwa sekunde. Ukikuta mikato imeachana sentimita 30, ndege ilikuwa inakwenda mita 28 na nusu kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Hesabu yote hiyo unaipata kwa futi kamba ya fundi seremala. Na unaipoteza kwa viatu vya watu kumi wenye nia njema.

Udongo peke yake hautoshi, maana sababu nyingine ziko hewani, nazo zinaondoka haraka zaidi. Mwongozo wa mamlaka ya anga ya Uingereza kwa marubani wa ndege ndogo unawaambia waongeze asilimia 35 kwenye umbali wa kutua ikiwa majani yamelowa. Upepo wa nyuma ukifika sehemu ya kumi ya mwendo wa kutua, waongeze asilimia 20 juu ya hapo. Ndege iliyohitaji mita 500 sasa inataka 810. Katika viwanja vyetu vya hifadhini, nani anaandika majani yalikuwa yamelowa kiasi gani saa ile, na upepo ulivuma kutoka wapi? Tangu Novemba 2021 dunia ina utaratibu mmoja wa kutoa taarifa za hali ya njia ya kurukia, kwa alama kuanzia 0 mpaka 6. Lakini utaratibu unahitaji mtu wa kwenda kuangalia. Pale nilipokuwa mimi palikuwa na kitambaa cha kuonyesha upepo kilichochanika, kibanda, na mlinzi aliyekuwa na kazi moja tu: kuwafukuza pundamilia.

Nasikia watu wakisema haya ni mambo madogo, uchunguzi wa kweli ungoje ajali kubwa. Sikubaliani nao kabisa. Tarehe 28 Novemba 2023, kwenye kiwanja cha Kikoboga ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ndege aina ya Embraer 120 ilipata hitilafu ya magurudumu ikitua. Saa chache baadaye, siku hiyohiyo, ndege nyingine ya aina ileile ikapata ajali ikiruka kutoka kiwanja kilekile. Hakuna aliyekufa, nasi tukashukuru. Kisha mazungumzo yakazimika. Mwaka mmoja nyuma, Novemba 2022, ndege ya abiria aina ya ATR 42 ilipoanguka Ziwa Victoria kule Bukoba na kuua watu 19 kati ya 43, nchi nzima ilidai majibu, na ilikuwa haki yake. Ninachouliza ni kwa nini lazima tuzike kwanza ndipo tuulize.

Tazameni pia ya Arusha, Desemba 2013. Boeing 767 iliyokuwa inakwenda Kilimanjaro ilitua uwanja mdogo wa Arusha, wenye njia ya mita 1,600 hivi, ikaja kunasa kwenye majani. Kule Kilimanjaro njia ilikuwa imezibwa na ndege ndogo iliyopata hitilafu. Tatizo la ndege ndogo upande mmoja likazaa la ndege kubwa upande wa pili.

Sheria za kimataifa ziko wazi. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa mataifa kuhusu usafiri wa anga, kinahesabu ndege kupitiliza au kutoka pembeni mwa njia kuwa miongoni mwa matukio makubwa, hata kama hakuna aliyepata mkwaruzo. Kinasema lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kumlaumu. Na wala hakikatazi kuokoa watu, kuzima moto, au kuondoa ndege iliyoziba njia. Kinachotaka ni kwamba kile kitakachopotea kihifadhiwe kwanza, kwa picha au kwa njia nyingine. Picha! Sote kumi siku ile tulikuwa na simu mfukoni. Tulipiga, ndiyo, lakini tulijipiga wenyewe tumesimama mbele ya ndege.

Wachunguzi wanatoka wizarani, Dar es Salaam au Dodoma. Mpaka wafike kiwanja cha Ikuu kule Hifadhi ya Katavi, mvua imeshanyesha na nyati wameshapita. Kwa hiyo mchunguzi wa kwanza ni yule aliyepo: mlinzi wa kiwanja, dereva, askari wa hifadhi. Apewe mamlaka ya kusema "subirini dakika ishirini" hata mbele ya rubani na meneja wa kambi. Kwenye kibanda kile kunakokaa mtungi wa kuzimia moto, wekeni futi kamba, vigingi na karatasi moja ya Kiswahili inayosema nini kipigwe picha. Na ripoti ikitoka, iandikwe kwa Kiswahili na ibandikwe hapohapo kibandani. Ile ya siku yangu sijaiona mpaka leo.

Kuna mtu alinifundisha haya bila karatasi yoyote. Kiwanja kingine, miaka miwili baadaye, ndege nyingine majanini. Nikaanza kuita watu tusukume. Askari wa wanyamapori, mtu mzima, akaninyooshea mkono.

"Jangili akipita hapa, wewe unamkanyagia nyayo?"

"Hapana, afande."

"Basi tulia."

Akatupanga upande mmoja, akapiga picha zake, akatuacha tuivute ndege kwa kuizungusha mbali na alama. Wingu lilikuwa linakuja. Vibarua walikuwa wanaziba mashimo ya njia kwa moramu. Akaomba karai lao, akalifunika juu ya alama ya tairi pale ndege ilipoanza kupinda, akaweka jiwe. Saa kumi ikanyesha mvua ya kutosha kujaza mitaro. Wachunguzi walifika kesho yake mchana. Mmoja akapiga magoti kwenye tope, akaondoa jiwe, akainua karai. Chini yake udongo ulikuwa mkavu, na mistari myembamba imelala mshazari, mmoja mmoja, kama imechorwa asubuhi ile.