Taima Iliyofuata Saa za Kwao

Nimetengeneza majokofu ya biashara jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi, kiasi cha kujiona sihitaji tena kusoma maandishi madogo, na kiburi hicho ndicho kilichonipeleka Kariakoo Jumamosi moja kununua taima ya kuyeyushia barafu, yaani saa inayozima feni na kuwasha hita kwa muda ili barafu iyeyuke, kwa ajili ya chumba cha baridi cha mama mmoja muuza samaki. Taima ya zamani ilikuwa imekwama, hita haziwaki, na koili, yale mabomba yanayopoza chumba, imevaa barafu nene hata feni zinaikwangua kama kuku anayetafuta mchwa.

Niliikagua ile mpya kama anayetafuta mchumba. Skrubu za kufungia nyaya, N, X, 1, 2, 3 na 4, zote zilikuwa mahali pake, pini za kupangia saa za kuyeyusha zilikuwa kamili, na kwenye kibandiko paliandikwa voliti 208 hadi 240. Umeme wetu ni wa voliti 230, basi nikaona ndoa imekubali. Muuzaji aliponiambia kwamba mali yenyewe ni ya Marekani, hata mstari uliofuata sikuusoma.

Kufika saa 11 jioni tulikuwa tumeshaifunga. Nilimwagiza kijana wangu apange pini mbili kwenye saa nane, ya usiku na ya mchana, nyakati ambazo mlango haufunguliwi sana. Kijana, kwa utii usio na dosari, alizichomeka kwenye tarakimu 8, ilhali uso wa taima huanza kuhesabu usiku wa manane, na 8 yake ni saa 2 yetu. Saa 2 na nusu na ushei usiku huohuo simu ikalia: feni zimenyamaza, maji yanachuruzika kwenye bomba, na wateja wamejaa dukani.

Jumapili saa 4 asubuhi nilimsomesha kijana somo refu kuhusu saa za Kiswahili na saa za Kizungu, nikazihamishia pini kwenye 2, nikausawazisha uso wa taima na saa yangu ya mkononi, kisha nikaomba radhi kwa niaba yake. Ile nusu saa ya ziada, ambayo ingemshtua fundi mwenye akili timamu, sikuishughulikia.

Jumanne nikaitwa tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu soma."

Alinipa daftari la shule ambamo yeye na mlinzi wake walikuwa wameandika kila mara feni ziliponyamaza: Jumapili saa 8:50 mchana, Jumatatu saa 11:10 alfajiri, Jumatatu hiyohiyo saa 1:35 usiku.

"Chumba chako hiki," akauliza, "kinafuturu kwa saa ya nchi gani?"

Nikausingizia umeme. Nilikuwa katikati ya hotuba kuhusu umeme kukatikakatika pale feni zilipozima mbele ya macho yetu, saa 4 kamili asubuhi, foleni ya wateja ikiwa imefika barabarani. Kijana alikuwa amechuchumaa na tochi ya simu, akisoma kibandiko.

"Fundi, hapa pameandikwa hezi 60. Kwetu si 50?"

Nilitamani nijifungie humo chumbani pamoja na changu na kolekole. Mota ya taima ya namna ile haipimi muda kwa akili yake; hufuata mitetemo ya umeme inaolishwa, na iliyoundwa kwa mitetemo 60 kwa sekunde ikipewa 50, saa yake moja huchukua dakika 72, hata voliti zikiwa sawasawa. Saa 12 zilizokuwa kati ya pini na pini ziligeuka saa 14 na dakika 24, kama daftari lilivyosema bila kupitia chuo chochote cha ufundi.

"Ya Marekani, mama," kijana akajibu lile swali lililokuwa bado linasubiri.

Nilifungasha vifaa ili nirudi Kariakoo, kwa fedha zangu mwenyewe, kutafuta taima ya hezi 50. Mlangoni nikagusia kwa unyenyekevu habari ya ujira wangu wa Jumamosi. Mama akainama, akautazama uso wa taima kwa makini, akanionyesha kidole: kwa saa niliyomletea mimi mwenyewe ilikuwa bado saa 8 usiku, na yeye usiku hatoi pesa dukani.