Kibati hakina namba ya uzito wa trela, halafu unauliza kama unaweza kuvuta

Juzi jamaa yangu kanitumia picha ya kibati cha gari lake, kile kinachobandikwa kwenye nguzo ya mlango, kakimulika na tochi ya simu kabisa, halafu kauliza: "Mbona hapa hawajaandika uzito wa kuvuta? Si maana yake navuta chochote tu?" Nikacheka kwanza. Halafu nikakumbuka hilo swali nimeshaulizwa na watu kibao, tena wenye akili zao timamu, na kila mmoja anakuja na jibu lake tayari mfukoni anataka tu umuitikie.

Kibati chenyewe, kwa magari yaliyotengenezewa soko la Uingereza na Ulaya, kwa kawaida kina uzito wa aina nne. Wa kwanza ni gari likiwa limejaa watu na mizigo, wa pili ni gari pamoja na trela, halafu ekseli ya mbele, halafu ekseli ya nyuma. Chukua wa pili toa wa kwanza, kinachobaki ndo trela unayoweza kuvuta gari likiwa limejaa. Kama wa kwanza ni 1,600 na wa pili 2,600 basi una kilo 1,000 za trela na shehena yake. Sasa kwa jamaa yangu mstari wa pili ulikuwa mtupu. Kwenye kadi ya gari nako, pale O.1 ambapo ni trela yenye breki na O.2 ambapo ni isiyo na breki, patupu. Mtengenezaji hajasahau bwana. Kakataa.

Ila niseme ukweli, sheria yenyewe nayo inaniudhi. Uingereza ukizidisha uzito ulioandikwa kwenye kibati ni kosa, hapo hamna mjadala, lakini kama hakuna kilichoandikwa unazidisha nini sasa? Ukienda kwenye Highway Code, kile kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza, kanuni ya 98, inakwambia hupaswi kuvuta uzito unaozidi ule aliopendekeza mtengenezaji, lugha ya kushauri tu, wakati mstari wa jirani unaohusu kupakia kupita kiasi umeandikwa kwa lugha ya marufuku kabisa. Watu wa ubishi wanapenyea hapo hapo. Wanachosahau ni kifungu cha 40A cha Road Traffic Act ya 1988, sheria ya usalama barabarani ya huko, kinachosema ni kosa kutumia gari kwa namna inayohatarisha watu, na ndani yake wametaja mpaka kazi ambayo gari linatumiwa. Kwa hiyo trafiki akiona mkia wa gari umezama na trela inayumba hahitaji namba yoyote ya kwenye kibati, na kampuni ya bima nayo imepata pa kukubania.

Mimi naona wangeandika sentensi moja tu: isiyo na namba haivuti. Basi. Wangetuokolea kelele nyingi.

Halafu kuna wanaochanganya leseni na gari. Tangu tarehe 16 Desemba 2021 mwenye leseni ya kawaida ya gari dogo huko Uingereza anaruhusiwa kuvuta trela hadi kilo 3,500 bila mtihani mwingine, watu wakashangilia, ila ruhusa hiyo ni ya dereva, gari haikuongezewa hata kilo moja. Na ile kanuni ya trela isiyo na breki, kwamba isizidi nusu ya uzito wa gari na isipite kilo 750, nayo ni dari tu, haimpi ruhusa aliyenyimwa.

Hoja moja ya hao wabishi nakubali ina nguvu. Honda Fit ya Marekani, kitabu chake kinasema gari haikutengenezwa kuvuta trela, wakati Jazz huko Ulaya, ambayo ni gari hiyo hiyo kwa jina lingine, kuna matoleo yameruhusiwa kuvuta. Kwa hiyo kweli mara nyingine chuma kinaweza, ni karatasi ndo haipo. Lakini we utajuaje yako ni ipi? Ulaya ili gari ipewe namba lazima iweze kuondoka na trela yake kwenye mlima wa asilimia 12 mara tano ndani ya dakika tano, na hapo ndo klachi, giaboksi na mfumo wa kupooza injini vinapojulikana. Wewe na fundi wako mmepima hivyo? Mlivuta mara moja kwenye tambarare ikaenda, mkapongezana.

Na ndoano ya kuvutia isikudanganye. Nissan Leaf za mwanzo hazikuidhinishwa kuvuta trela Ulaya lakini ndoano za kufunga nyuma yao zinauzwa, ni za kubebea baiskeli tu. Kuna mtu ataiona, atasema ooh kumbe inavuta.

Nikamwambia jamaa afungue kitabu cha gari, ukurasa wa kuvuta. Kimya kama dakika kumi. Akarudi: "Wameandika usivute. Ila trela yenyewe ndogo jamani, nabeba matawi ya miti tu." Nikamjibu akodi pikapu siku moja yaishe. Hajanijibu mpaka leo, ila naona kwenye status anauza trela.