Gari yangu ya mbao, abiria wa kwenu

Jamani mie nauliza tu, hivi hapa Unguja mtu akiwa na gari yake mwenyewe, kainunua kwa jasho lake, ikawa na bodi ya mbao, ndo kashakuwa mali ya umma? Manake juzi nimesimama Darajani nanunua ndizi mkono mmoja tu, nageuka hivi, nyuma washakaa watu wanne na kuku, na yule mwenye kuku ananitizama kwa jicho kali kabisa, "Dereva tunaondoka saa ngapi, mie nateremka Bububu." Nikamwambia mama hii si daladala ya 502 ya Bububu, hii gari ya nyumbani. Akaniangalia juu mpaka chini, akaiangalia gari, akampakata kuku wake vizuri. Hakushuka.

Sasa mie nimlaumu nani? Mtu kazaliwa anaona gari za mbao, ukitaka Nungwi 116, Jambiani 309, Chwaka 206, lori kutoka dukani limekuja mbele tupu, huku nyuma mafundi wetu wakalivalisha mbao na paa na mabenchi mawili watu watizamane goti kwa goti, mzigo juu. Akiona mbao anapanda. Lakini yangu ina madirisha ya vioo bana! Ina mlango wa pembeni! Nimepiga vanishi mpaka unajiona meno!

Lenyewe ni lori la Bedford la zamani, lile la aina ya J lenye pua, Waingereza walianza kulitoa 1958. Lilikuwa limelala shamba chini ya mfenesi, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Nikamuuliza mwenyewe mjomba linawaka? Akasema injini ipo. Nikasema naona ipo, nauliza linawaka? Akasema hichi chuma cha Mwingereza mwanangu, injini ipo. Tukaenda hivyo hivyo mpaka bei ikapatikana, na mayai akayatoa kwanza ndo akanikabidhi funguo.

Nia yangu ilikuwa safi. Nilishaona picha za Morris Minor Traveller, gari ndogo ya Kiingereza, ile waliyoitengeneza kuanzia 1953 mpaka 1971, nyuma fremu ya mbao inaonekana nje kabisa, na si pambo ile, ndo inayoshika bodi, hata kwenye ukaguzi wa kila mwaka kule Uingereza mbao ikioza gari ilikuwa inafeli. Nikasema nami nataka kama hiyo ila ya watu wazima, familia nzima iingie, bibi na vitoweo vyake, twende zetu Kizimkazi kwa raha. Ni kosa hilo?

Basi nikaanza kutafuta seremala. Wa kwanza hata hajamaliza kunisikiliza kaniuliza, tano kwa sita au sita kwa sita? Kitanda! Wa pili akasema atanipa mlango wa nakshi na misumari ya shaba, hiyo gari tutaona baadae. Mwisho shemeji akasema we unahangaika nini, mtu anayekunja mbao ni fundi wa majahazi, nenda Nungwi. Nikaenda. Nikaletewa mzee mmoja kakamavu, mkono wake ukishika mkono wako unahesabu vidole ukirudishiwa. Akalizunguka Bedford kimya, akainama akagonga chesisi, ile fremu ya chini, kwa kifundo, akauliza kama anauliza uti wa mgongo wa jahazi, "Mkuku wake chuma?"

Nikajua leo leo.

Kuanzia siku hiyo gari haikuwa tena na mbele na nyuma, ina omo na tezi. Nguzo za ubavuni mataruma. Na kwa mataruma hataki mbao ilokatwa ikapindwa, anataka mti uliojipinda wenyewe, ati nyuzi za mti zifuate mkunjo ndo haupasuki, na hapo nakiri mzee anajua kazi yake. Sasa mti uliojipinda hivyo ni tawi la muembe, na muembe uko kwa jirani yangu. Kila nikitoka alfajiri namkuta mzee kasimama ukutani anautizama muembe wa watu kwa mapenzi, mwenye muembe naye kasimama upande wa pili anamtizama mzee. Tawi lilikuja kupatikana, ila kuanzia siku ile jirani akipika biriani sisi tunasikia harufu tu.

Kutoboa anatoboa kwa keekee ya upinde, ya umeme ipo kaiangalia kaiweka chini. Msumari hapigi hivi hivi, anauviringisha kwanza pamba ilolowa mafuta, taratibu, anausokota kwa kidole gumba kama anavisha pete bibi harusi, ndo anaupiga, pamba inaziba tundu maji yasipite. Nikamwambia shekhe, hii gari haiendi baharini. Hakuinua hata kichwa. "Na mvua si maji?"

Halafu fundi gari naye ana yake. Anasema chesisi ya lori inajinyonga, tairi moja ikiingia shimoni pembe moja inakwenda juu nyengine chini, kwa hivyo bodi ukiikaza kwa nguvu itapasuka, weka vipande vya mpira wa tairi bovu kati ya boriti na chesisi, shika kwa yuubolti, zile bolti za umbo la U, acha icheze kidogo. Mzee aliposikia "icheze" akaweka nyundo chini. Chombo kikicheza kinavuja! Fundi gari akasema, mzee wangu hichi si chombo. Mzee akauliza, sasa ni nini? Wakashindana mpaka adhuhuri, na chai wanayokunywa yangu, maandazi yangu, na kila mmoja akitaka kuthibitisha maneno yake anaomba kikombe chengine. Mipira ikawekwa, mzee akanuna, ila namuona kila asubuhi anakwenda kuigusa kwa siri anaibonyeza.

Mbao zenyewe usiseme. Mninga kutoka bara, muuzaji anakuapia zimekauka kabisa hizi bosi, bao unalibeba begani shati linalowa. Ukizipiga hivyo hivyo mbichi, jua likizipata zinajivuta zinaacha mwanya paka anapita, kwa hivyo nikazipanga uani na vijiti katikati zipigwe upepo. Uani kwangu! Mama watoto akawa hana pa kuanika nguo. Na mie kwa kutaka kumpoza nikamhadithia stori nzuri kabisa, nikamwambia unajua Ford, yule Ford mwenyewe wa Marekani, gari zake za mbao alikuwa anakata miti msitu wake mwenyewe kule Iron Mountain, Michigan, na vipande vilivyobaki alivichoma akatengeneza mkaa akauza, na ule mkaa upo mpaka leo, unaitwa Kingsford. Nilidhani atasema mashaallah mume wangu anasoma. Alichosikia yeye ni mkaa. Kesho yake natafuta kipande changu cha juu ya mlango, nimekirandi, nimekipiga msasa mpaka laini, nakikuta chini ya sufuria ya maharage. "Si umesema Ford anachoma?"

Ukaguzi sasa. Mkaguzi, jina simtaji ana watoto, ana fomu, na fomu inataka aina ya bodi. Si daladala, hakuna namba ya njia. Si lori, lina vioo na pazia. Si gari ndogo, tizama lilivyo. Akazunguka, akakuta huku tezini mzee kachonga maua kabisa kama yale ya jahazi na kaacha nafasi ya jina. Akaniuliza kwa upole, kaka, hii injini ipo lakini? Nikasema ipo. Akauliza inawaka? Wallahi nilitaka kumjibu kama nilivyojibiwa.

Nikadhani yamekwisha. Wapi! Mzee kagoma, gari haitoki mpaka ishuliwe, kama jahazi jipya linavyoteremshwa baharini. Chombo hakiondoki bandani bila dua, ubani na watu kula. Basi ikapikwa pilau, wakaja watu mie hata siwajui, dua ikasomwa, kisha ikafungwa kamba nene mbele, wanaume wakajipanga kuivuta huku wanaimba harambee za pwani, na mie nimo ndani, injini inanguruma, nimetia gia, nawapigia honi watoke mbele wasikanyagwe. Mzee ananipigia kelele kutoka pembeni, "Zima hiyo, unawatia kasoro!" Nikazima. Nikavutwa. Gari langu zima, tangi limejaa petroli ya pesa yangu, navutwa kwa kamba mpaka barabarani.

Turudi kwa mama mwenye kuku. Nikasema basi, Bububu si mbali, nitamshusha nirudi zangu. Njiani wakaongezeka, mana nikipunguza mwendo kwenye tuta wanarukia, kijana mmoja akajifanya kondakta anagonga bodi yangu ya vanishi kwa sarafu, ngo ngo ngo, na mie kwa mazoea ya miaka yote nasimama! Mzee mmoja analalamika pazia linamkuna, mwengine anauliza kwa nini mabenchi yameangalia mbele, hapa tunazungumza na visogo? Kufika Bububu mama akashuka pole pole, akampanguza kuku vumbi, akalipiga paa langu kofi na kusema, "Gari nzuri, ila mshauri tajiri wako atafute dereva." Na nauli hakulipa.