Kozi za databesi za mtandaoni: anayeacha njiani si lazima awe mvivu

Vijana wa hapa Mwanza wakiongelea kozi za bure za mtandaoni, hizi za kuanza databesi (hifadhi ya taarifa kwenye kompyuta) na kodingi, hukumu ni ileile: watu wanajiunga kwa mbwembwe, baada ya muda kidogo kimya, bora ulipe ada ukakae darasani. Hoja hiyo ina uzito. Mwalimu akiwa pembeni anaona umesahau nukta mkato kabla hujaanza kujiona huna akili, na cheti cha chuo mwajiri anakielewa haraka.

Ila hili la kuacha njiani naona tunalisoma vibaya. Jarida la Science la 2019 lilitoa utafiti wa kozi za Harvard na MIT kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, na kwa mwaka 2017-18 waliomaliza ni asilimia 3.13 tu ya washiriki wote. Watu wanaishia kwenye namba hiyo. Utafiti huohuo unasema zaidi ya nusu ya wanaojiandikisha hawaingii kabisa kwenye masomo, yaani walibonyeza tu wakaendelea na mambo yao, na kati ya waliolipia cheti asilimia 46 walimaliza. Kwahiyo ile tatu tunayoitangaza ni kama kumhesabu kila aliyeuliza bei ya dagaa kuwa ni mteja aliyekimbia. Sawa, hiyo 46 inawapa nguvu pia wa upande wa ada, maana ukitoa hela unakazana, hilo silikatai, lakini tatu na arobaini na sita ni habari mbili tofauti kabisa.

Halafu kuna wanaoacha kwa sababu wameshapata walichofuata. Dada mmoja anayetunza hesabu za dagaa pale Mwaloni, Kirumba, alifika kwenye SELECT, WHERE, SUM na GROUP BY, yaani amri za SQL (lugha ya kuulizia databesi) za kuchagua, kuchuja, kujumlisha na kupanga kwa makundi, akasimama hapo, na leo anajua nani anadaiwa na kiasi gani bila kupekua madaftari. Kwenye takwimu yeye ni wale walioshindwa. Inaniuma kwakweli.

Penye tatizo la kweli ni hapa. Mifano ya kozi imejaa kina Smith, we unaingiza wateja wako wa Usukumani, unaandika WHERE jina = 'Ng'wandu' na mashine inagoma, kwasababu ile alama ya kwenye Ng' ndiyo hiyohiyo inayofunga maneno kwenye SQL, kwahiyo inadhani jina limeishia Ng na yanayofuata haiyaelewi. Dawa ni kuiandika mara mbili, 'Ng''wandu', basi. Lakini mtu yuko peke yake Buhongwa usiku, video ni ya kiingereza, bando linakata, anasoma kwa simu ambayo kibodi yake nayo inazipinda zile alama zenyewe, atajuaje? Anafunga, anaamini kodingi sio ya watu kama yeye.

Hapo ndipo watu wa darasani wangesaidia kuliko kubeza. Wafungue chumba jumamosi chenye intaneti na mtu mmoja anayejua, waweke SQLite, programu ya databesi, kwenye kompyuta maana ni ya bure na ikishawekwa haihitaji bando, kila mtu aje na kozi yake ya mtandaoni palepale alipokwama, na mazoezi yawe ya majina ya kwetu tangu siku ya kwanza.