Anayemdai Marehemu

Julai 2020 msiba wa taifa ulikuwa wa kwetu kusini. Benjamin Mkapa, Rais wa awamu ya tatu wa Tanzania, alifariki usiku wa kuamkia tarehe 24. Serikali ikatangaza siku 7 za maombolezo, bendera zikashushwa nusu mlingoti, na tarehe 29 akazikwa kijijini kwao Lupaso, wilayani Masasi. Siku zile ukazuka ubishi ambao ulirudi tena Mzee Mwinyi, Rais wa awamu ya pili, alipotutoka Februari 2024: kiongozi akifa, inafaa kutaja aliyokosea kabla matanga hayajaanuliwa?

Wanaosema haifai wana hoja nzito, nami nimelelewa nayo. Marehemu hawezi kujibu. Ana mjane, ana wajukuu wenye simu mkononi. Huku kwetu hata kama mmegombania mpaka wa shamba miaka kumi, siku jirani akifa unakwenda kukaa jamvini na kuchimba kaburi. Kwa Mkapa kulikuwa na zaidi ya desturi. Aliyewahi kulala Ndundu akisubiri kivuko, mtoto anaumwa homa na mto Rufiji umefura, hakuhitaji tangazo la Serikali ili alie. Daraja lililofunguliwa 2003 na kupewa jina lake ndilo lililotutoa katika hali ile.

Upande wa pili unasema kiongozi hakuwa baba wa nyumba moja. Waliopoteza kazi mashirika ya umma yalipobinafsishwa, na familia zilizofiwa Pemba Januari 2001 polisi walipofyatulia risasi waandamanaji, nao walikuwa na vilio vyao, na yote yalitokea katika utawala wake. Kuwaambia wangoje ni rahisi kwa asiyefiwa. Tena siku 7 za sifa tupu redioni zinaeleza habari ya mtu kwa upande mmoja, na matanga yakiisha hakuna anayerudi kusikiliza upande uliobaki. Naiona hoja hii ina uzito kuliko wengi wetu tunavyokubali.

Nilihudhuria mazishi mara moja katika kijiji kimoja nje kidogo ya Ndanda. Jeneza liko chini ya mwembe, msemaji wa ukoo akasimama akatangaza kama ilivyo ada: "Anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa naye pia aseme." Mzee mmoja akanyanyuka taratibu, kofia mkononi, akasema anadai kilo 40 za korosho za msimu uliopita. Hakuna aliyeguna. Mtoto mkubwa wa marehemu akajibu, "Tumesikia, baba, deni ni letu." Tulipofika makaburini, mzee yule alikuwa miongoni mwa waliotangulia kushika sepetu.

Kwa hiyo anayesema mila zetu zinakataza kabisa kutaja upungufu wa aliyekufa, anazisema nusu. Deni linaulizwa siku ileile, mbele ya jeneza, kwa sababu tunaamini kumzika mtu na deni lake ni kumtwisha mzigo. Na watani, wale wenye ruhusa ya kimila ya kufanya mzaha msibani, je? Wanaigiza mwendo wa marehemu na uchoyo wake, wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka.

Ila deni lina masharti. Mdai anajulikana, kinachodaiwa kinatajwa, na anayesikiliza anaweza kulilipa. Mtu anayeandika "afadhali amekufa" hadai chochote; anatukana, na hilo nalikataa hata kwa kiongozi aliyeniumiza mimi mwenyewe. Lakini mama wa Pemba anayesema "mwanangu aliuawa, sijaambiwa kwa nini" yuko pale alipokuwa mzee wa korosho. Kumnyamazisha kwa jina la heshima ni kumdhulumu mara ya pili. Ningependa katika maombolezo ya kitaifa, miongoni mwa risala zote zile, mtu mmoja apewe nafasi ya kuyasema hayo kwa adabu, na Serikali ijibu kama alivyojibu yule mtoto.

Mkapa mwenyewe hakulikimbia deni hilo. Katika kumbukumbu za maisha yake zilizotoka 2019, miezi michache kabla ya kufa, aliyataja mauaji yale kuwa doa katika uongozi wake. Alilitamka akiwa hai, kwa kalamu yake. Mwaka uliofuata, jeneza lake likiwa mbele yetu, sisi tuliobaki ndio tuliokuwa tukiambiana tusilitaje.